Mgomba hauna chanjo: kinga ile umezaliwa nayo, na namna mkulima anaweza kuisaidia



Katika mikutano ya shamba huku kwetu Kivu, agronomu akimaliza kusema juu ya mnyauko wa migomba, karibu kila mara mkono mmoja unainuka kule nyuma. Swali ni lilelile: « Kuku wetu walipata chanjo. Watoto wetu walipata chanjo. Sasa ndizi, juu ya nini hamutuletee chanjo yake? »

Swali hilo si la mchezo. Mgomba ndio chakula cha nyumbani, ndio makemba ya soko, ndio kasiksi ya sherehe, ndio minervali ya watoto. Tena unashika udongo wa kilima usibebwe na mvua. Mama mwenye migomba 60 akisikia kwamba ugonjwa umeingia shambani, anajua kwamba mwaka wake mzima uko hatarini. Anataka dawa, na ana haki ya kupewa jibu la wazi.

Jibu la wazi ni hili: chanjo ya mgomba haiko. Sababu si uvivu wa maagronomu, wala si umaskini wa nchi yetu. Hata nchi zenye mali nyingi hazina. Sababu iko katika mwili wa mgomba wenyewe, katika namna unavyojikinga. Lakini mkulima akiielewa sababu hiyo vizuri, anapata pia njia ya kuokoa shamba bila kung'oa kila kitu. Njo habari tunataka kueleza leo.

Adui ni nani?

Mnyauko unaletwa na bakteria, yaani kijidudu kidogo sana ambacho macho hayawezi kuona. Wataalamu wanaiita Xanthomonas, na ugonjwa wenyewe wanauita BXW. Ulielezwa kwanza Ethiopia, mwaka 1968, kwenye enset, mmea ambao ni ndugu wa mgomba. Mwaka 1974 ukaelezwa kwenye ndizi yenyewe, hukohuko Ethiopia. Miaka mingi haukusikika kwingine. Kisha mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka huohuo ukaonekana kwetu, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika Rwanda, Tanzania, Kenya, na mwaka 2010 Burundi.

Dalili zake wengi wenu munazijua. Majani yanageuka manjano na kunyauka, yanainama kama mwavuli uliovunjika. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, moja huku moja kule, na ukizipasua ndani unaona rangi ya kutu. Ua dume, lile linaninginia chini ya mkungu, linakauka na kukunjamana. Ukikata shina na kungoja dakika chache, uji wa manjano unatoka kwenye mahali ulipokata. Uji huo ni bakteria zenyewe, kwa mamilioni. Panga ambalo limepita hapo limebeba ugonjwa, na mgomba wa pili ule litakata utapewa ugonjwa huo kwa mkono wako mwenyewe.

Kinga iko za aina mbili

Tuanze na mtu, kwa sababu mwili wetu tunaujua.

Ukichomwa mwiba asubuhi, jioni kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto. Kesho yake usaha unaweza kutokea. Hakuna aliyeufundisha mwili kufanya vile. Mtoto mchanga anazaliwa nayo. Ni kinga ya kuzaliwa nayo: walinzi wako tayari mlangoni, hawangojee kujua jina la adui. Wakiona kitu kigeni cha namna ya bakteria, wanapiga kelele na kupigana. Ule usaha, kwa sehemu kubwa, ni askari wa damu ambao wamekufa vitani.

Aina ya pili ni kinga ya kujifunza. Mtoto ambaye ameugua surua na kupona, hapati surua tena. Damu yake imeshika sura ya adui na kuikumbuka. Chanjo inatumia ukumbusho huo: inauonyesha mwili sura ya adui bila kuuletea ugonjwa, ili siku adui akija kweli, mwili uwe unamjua. Kuku pia ana kinga hii ya pili. Ndiyo maana tone moja la chanjo ya I-2 kwenye jicho linamkinga na Newcastle, ile ugonjwa inamaliza kuku wa kijiji kizima, na ndiyo maana tunarudia tone hilo kila miezi 4 ili mwili usisahau.

Sasa mgomba. Mgomba hauna damu. Hauna askari wa kutembea kutoka majani mpaka mizizi. Hauna ile kinga ya kujifunza ambayo chanjo inaisomesha. Kinga yake yote ni ya kuzaliwa nayo, na kila chembe ya mwili wake inajilinda yenyewe pale ilipo. Ni sawa na kijiji kisicho na jeshi, ambapo kila nyumba iko na mlinzi wake mlangoni.

Kwa hiyo ukiuliza chanjo ya mgomba iko wapi, jibu ni kwamba mgomba hauna mahali pa kuiweka.

Walinzi wa mlangoni wanafanya kazi namna gani?

Musifikiri kwamba kinga hii ni ya bure. Shamba lenu limejaa bakteria na uyoga wa kila aina, kwenye udongo, kwenye maji, kwenye hewa. Karibu vyote haviwezi kuugusa mgomba. Kinachovizuia ni kinga hii ya kuzaliwa nayo, na inafanya kazi kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ukuta. Ngozi ya jani iko na nta, na kila chembe ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu. Bakteria haina meno ya kutoboa ukuta huo. Inangoja mlango: kidonda, mahali ua limeanguka, mahali panga limepita.

Hatua ya pili ni kutambua. Juu ya chembe za mmea kuna vipokezi, tuseme walinzi, ambao kila mmoja anajua alama moja ya adui. Alama moja kubwa ni mkia. Bakteria nyingi, Xanthomonas pia, ziko na mkia mwembamba wa kuogelea. Mwaka 2000, huko Basel, Uswisi, watafiti Lourdes Gómez-Gómez na Thomas Boller walionyesha mlinzi ambaye anatambua kipande kidogo cha mkia huo. Walimpata katika mmea mdogo wa maabara, unaofanana na majani ya porini tu. Walinzi wa namna hiyo wako katika mimea mingi sana.

Na jambo la kushangaza: mwili wa mtu pia uko na mlinzi wake wa kutambua mkia wa bakteria. Watu na mimea hawakurithiana walinzi hao. Kila upande ulipata wa kwake, lakini adui alikuwa na alama ileile. Kazi juu ya walinzi hao wa kuzaliwa nao, kwa nzi wa matunda na kwa panya, ndiyo iliwapatia Jules Hoffmann na Bruce Beutler Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Hatua ya tatu ni kelele na silaha. Mlinzi akiona alama, habari inapita ndani ya chembe kutoka mkono mpaka mkono, kama ngoma ya kilima na kilima. Katika dakika chache chembe inatoa sumu ya oksijeni, ya namna ileile ya maji ya dawa ambayo kwenye kituo cha afya wanamwaga kwenye kidonda na yanatoa povu. Inaimarisha ukuta wake. Inatoa dawa zake za kuua vijidudu. Inaziba mifereji ya maji kwa vitu kama gundi, ili adui asipite.

Hatua ya nne ndiyo kali zaidi. Adui akifaulu kuingia, chembe ile imevamiwa, na jirani zake, zinaweza kujiua zenyewe. Zinakufa pamoja, na mahali hapo panakauka. Adui anabaki kwenye kisiwa kikavu bila chakula. Mukiona kwenye mmea madoa madogo makavu ambayo hayaendelei, mara nyingine hayo ni makaburi ya vita ambavyo mmea ulishinda. Ni sawa na kukata majani mbele ya moto wa porini: unapoteza kipande, unaokoa shamba.

Sasa juu ya nini mgomba unashindwa na mnyauko?

Kwa sababu tatu.

Ya kwanza: adui ndiye mwenye sindano. Xanthomonas iko na kijibomba kidogo sana kama sindano, na kwa hicho inachoma chembe ya mmea na kuingiza ndani yake vitu vya kunyamazisha kelele. Mlinzi ameona mkia, anataka kupiga ngoma, lakini ngoma imekatwa ngozi. Bakteria zinazaa kwa utulivu, na wakati mmea unashtuka, zimekwisha kuwa nyingi.

Ya pili: tunaipitisha nyuma ya ukuta. Bakteria ambayo imeanguka juu ya jani zima inakutana na nta, ukuta na walinzi. Bakteria ambayo inakuja na panga lenye uji wa manjano inawekwa moja kwa moja ndani ya mifereji, tena si moja wala kumi, ni mamilioni kwa mara moja. Walinzi ambao wangeweza wageni wachache wanazidiwa. Mama wa kijiji anaweza kumfukuza mwizi mmoja kwa mwiko. Wakija mia moja usiku kupitia dirisha ambalo wewe mwenyewe ulifungua, mwiko hausaidie.

Ya tatu: aina za ndizi tunazolima ni dhaifu mbele ya adui huyu. Za kupika, za kuiva, za kasiksi, zote zinaweza kuugua. Iko mgomba wa porini wa Asia, Musa balbisiana, ambao ukiingiziwa Xanthomonas unasimama. Watafiti wa IITA waliona kwamba mara baada ya bakteria kuingia, jeni nyingi za kinga zinawaka ndani yake. Lakini musiuombee mbegu: matunda yake yamejaa kokwa ngumu, hayafai kwa sahani.

Lakini haushindwe pahali pote

Hapa ndipo habari njema iko, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Zamani shauri lilikuwa moja: ukiona shina moja gonjwa, ng'oa kundi lote, mama, watoto na wajukuu, pamoja na tunguu chini ya udongo, kisha uache pahali pale miezi 6 bila mgomba. Shauri hilo linaua ugonjwa, ni kweli. Lakini kung'oa kundi moja kubwa ni kazi ya jasho ya muda mrefu, na mama mjane, au mzee, au mwenye shamba kwenye mteremko, hawezi kung'oa makundi 30. Wengi walisikia shauri, wakarudi nyumbani, wakaficha ugonjwa. Ugonjwa ukaendelea.

Watafiti wakaangalia tena ndani ya makundi yenye ugonjwa. Wakaona jambo ambalo wakulima wengine walikuwa wamekwisha kuona: shina moja likiugua, si kila mara watoto wake wote wanaugua. Bakteria zinashuka kutoka shina la mama kuelekea tunguu, lakini haziendi mbio, na hazifike kwa kila mtoto. Katika baadhi ya watoto haziingie kabisa. Katika wengine zinaingia lakini zinabaki chache, na mtoto anakua na kuzaa mkungu bila kuonyesha dalili. Mgomba ambao tulidhani umekufa wote bado uko na nyumba nyingi ambazo mlango wake haujavunjwa.

Kwa hiyo wakajaribu njia nyingine, na majaribio mengine yalifanyika hapahapa Kivu, pamoja na shirika la Bioversity: kukata shina gonjwa peke yake, chini kwenye udongo, mara tu dalili ya kwanza inaonekana, na kuacha mengine. Kurudi juma linalofuata na kukata lile jipya limeonyesha dalili. Kurudi tena. Mashina yenye ugonjwa yalipungua sana katika miezi michache, na wakulima waliendelea kula ndizi za shamba lilelile.

Juu ya nini njia hii inafanya kazi? Kwa sababu inafuata kinga ya mgomba. Ukitoa shina gonjwa mapema, unatoa ghala la bakteria kabla hazijashuka nyingi kwenye tunguu, na wale watoto wanabaki na adui wachache. Ukiacha kukata ovyo ovyo kwa panga chafu, hauwapelekee wengine kupitia dirisha. Mgomba hauwezi kushinda mamilioni kwenye kidonda kipya, lakini mara nyingi wachache haziwezi kuuangusha. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba zinabaki chache.

Mambo sita ya kufanya shambani

1. Pita shambani kila juma, siku ileile. Angalia majani, ua dume na mkungu. Ugonjwa ambao umeonekana leo ni shina moja. Ule umeachwa miezi 2 ni kona nzima.

2. Kata shina gonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo. Usivute, usichimbe, usijeruhi watoto walio kando. Shina ulilokata, lala nalo palepale shambani. Usilibebe kupitia migomba mizima, usiwape mbuzi na ng'ombe, usifunikie kasiksi kwa majani yake.

3. Choma panga katika moto. Baada ya kila kundi, peleka chuma kwenye moto mpaka kiwe cha moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukigusa. Mwenye maji ya javeli anaweza kuyatumia pia. Kupangusa kwa jani au kuosha kwa maji matupu hakutoshe. Jambo hili moja tu, likifanywa na wote, linafunga dirisha kubwa kuliko yote.

4. Toa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Nyuki na inzi wanakuja kunywa utomvu pale majani ya ua yanaanguka, kisha wanaenda kwenye ua lingine na bakteria miguuni. Mara tu mkono wa mwisho wa ndizi umetoka, vunja ua lile kwa kijiti. Mkungu haupungue kitu. Kwenye milima ya juu sana, kama sehemu nyingi za Masisi, wadudu hao ni wachache, na kule chuma ndicho kinasambaza zaidi.

5. Usipunguze majani ovyo. Katika shamba lenye ugonjwa, acha kwanza kukata majani mabichi na kupunguza watoto kwa panga mpaka ugonjwa utulie. Kila jani unalokata ni kidonda, na kidonda ni mlango.

6. Usichukue mbegu katika shamba lenye ugonjwa. Hata mtoto mzuri, mnene, wa kijani, anaweza kuwa na bakteria chache ndani ambazo hazionekane. Akihamishwa, mizizi ikikatwa, amechoka na jua, anaweza kuanguka katika shamba lako jipya na kuliambukiza. Chukua mbegu mahali ambapo ugonjwa haujafika.

Tena jambo moja la ukweli: shamba ambalo karibu lote limekwisha kukauka, njia ya shina moja haitaliokoa mbio. Afadhali kung'oa, kulima maharagi au viazi kwa miezi 6, kisha kupanda mbegu safi. Na njia ya shina moja yenyewe inadai uvumilivu: mwenye kukata mara moja na kusahau miezi 3, ni kama hakukata.

Maswali ambayo yanarudi mara nyingi

*« Majivu, mkojo wa ng'ombe, dawa ya kienyeji, hazisaidie? »* Bakteria iko ndani ya mifereji ya shina. Kitu unachomwaga juu ya majani au kwenye mizizi hakifike pale. Majivu na samadi ni mbolea nzuri, na mgomba wenye chakula cha kutosha unasimama vizuri zaidi na unarudisha watoto mbio. Lakini usiziite dawa ya mnyauko, na usinunue chupa ya mtu ambaye anakuapia kwamba iko dawa.

*« Tulisikia kwamba kuna ndizi mpya ambazo haziuguwi. »* Utafiti uko. Katika mchele wa porini wa Mali kulipatikana jeni ya mlinzi mmoja, Xa21, ambayo inaukinga mchele na Xanthomonas nyingine, ndugu ya ile yetu. Mwaka 2014 watafiti wa IITA walichapisha kwamba ndizi waliyoitia jeni hiyo ilisimama mbele ya mnyauko. Wengine walitumia jeni kutoka pilipili tamu, na ndizi hizo zilijaribiwa shambani Uganda. Muangalie vile kazi yote hiyo inafuata wazo moja: kuuongezea mgomba nguvu ya kinga ya kuzaliwa nayo. Lakini hizo ni ndizi za majaribio. Mtu akikuuzia mbegu sokoni akisema ndiyo hiyo, mwache na mzigo wake.

*« Majani ni manjano, lakini sioni uji. »* Inawezekana ni ugonjwa mwingine, ule unaitwa Panama, ambao unaletwa na uyoga wa udongo. Huo unaanza na majani ya zamani ya chini, ndani ya shina unaonyesha mistari ya rangi nyekundu ya kahawia, hautoe uji wa manjano, na tunda halina kutu ndani. Ukiwa na shaka, mwite agronomu kabla ya kukata.

*« Mtu akikula ndizi ya mgomba mgonjwa, atapata ugonjwa? »* Hapana. Bakteria hii haiugushi mtu. Ndizi ambazo zimeharibika hazina utamu, basi. Hatari iko katika kuzibeba: mkungu, majani na maganda yakisafiri, ugonjwa unasafiri nayo mpaka soko na kilima cha pili.

*« Mgomba ambao umepona, utakuwa na kinga kama mtoto ambaye alipona surua? »* Hapana, na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mgomba haukumbuki kwa njia hiyo. Kundi ambalo lilisimama mwaka huu linaweza kuanguka mwaka ujao, ukilikata kwa panga chafu. Ndiyo maana hatusemi « shamba limepona, twende tulale ». Tunasema « shamba limetulia, tuendelee kupita kila juma ».

Kazi ya koperative

Mgomba, tulisema, ni kijiji kisicho na jeshi. Kila chembe inajilinda, na hakuna anayekuja kutoka mbali kuisaidia. Shamba moja peke yake nalo liko vile. Ukichoma panga lako kila siku, na jirani wa juu hachomi lake, nyuki na mfanyakazi wa siku watakuletea ugonjwa wake. Mfanyakazi huyo analima kwako leo, kwake kesho, na panga ni lilelile.

Hapo ndipo koperative inaweza kufanya kile ambacho mgomba hauwezi. Mgomba hauna ukumbusho. Koperative inao, ikiandika katika daftari: juma hili mashina mangapi yamekatwa, kwa nani, upande gani wa kilima. Mgomba hauna askari wa kutembea. Koperative iko na watu ambao wanaweza kupita pamoja, siku moja, kilima kizima, na kumkatia mama mjane mashina yake yale hana nguvu ya kukata. Na ule ambaye shamba lake limepata ugonjwa asifichwe na asichekwe. Ugonjwa uliofichwa ndio unaozaa.

Basi katika mkutano ujao, mkono ukiinuka tena kule nyuma na kuuliza chanjo ya ndizi iko wapi, memba yeyote wa koperative anaweza kujibu: chanjo haiko, lakini kinga iko, mgomba umezaliwa nayo. Tuupunguzie adui, tuupunguzie vidonda, na panga lipite kwanza kwenye moto.

Kazi njema shambani.